Sikio la Pembeni la Mashine ya Fuatino

Jumatatu, 6 Oktoba
Mwanangu Penia kapiga simu kutoka Australia. Mwaka wa tatu huu anachuma nyanya za watu. Kasema kina mama tukirekodi wimbo wa Jumapili ya Watoto atumiwe, ana hamu na sauti yangu. Sauti yangu! Kwenye kwaya mbele yangu husimama wifi Lagi, na yeye ni baragumu. Mimi nyuma yake ni kama sipo. Tena kila mstari mimi huanza nimechelewa kidogo. Mwalimu wa kwaya kashachoka kunisema.

Jumanne, 7 Oktoba
Anayerekodi ni binti yangu Fuatino. Nimemuuliza kuhusu mashine yake huku namenya magimbi. Inaitwa kompresa. Si ile ya matairi, hii inakandamiza sauti. Ubavuni ina tundu, ndilo sikio lake. Waya wa ngoma unaingia hapo. Ngoma ikilia, mashine inaishusha kwaya, ngoma ipate nafasi. "Kama baragumu la sala ya jioni, mama. Likilia, kijiji kizima kinatulia." Akaongeza mengine juu ya hilo sikio, lakini sufuria ilikuwa inafurika. Nilikuwa nimeshaelewa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwomba maikrofoni yangu peke yangu. Nimempikia palusami, majani ya magimbi kwa tui la nazi. Kala yote, kakataa. Kasema Sefo, mtoto wa wifi, naye yuko huko huko na Penia, wimbo ni wa mama wote. Imenichoma. Lakini Sefo atamsikia mama yake hata bila simu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumerekodi. Fuatino alipotoka kuwapanga kina mama, nimechomoa waya wa ngoma kwenye sikio, nikachomeka wa maikrofoni ya akiba. Nikaificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Nimeimba kwa moyo wote, mpaka nikakohoa. Fuatino mwenyewe alikuwa anapiga ngoma, hakugundua. Umeme ulikuwa unakatika-katika, akautuma wimbo bila kuusikiliza. Mungu yupo.

Jumapili, 12 Oktoba
Sijui niandikeje. Watoto wamemaliza mashairi yao, tumekula, wimbo ukawekwa kwenye spika. Kwaya ikaanza, ikazama. Ikainuka, ikazama tena. Nikasubiri sauti yangu itokee. Haikutokea. Nilipokohoa, kwaya yote ikatoweka, na kikohozi chenyewe hakimo! Ile sauti ya juu ya wifi, aliyoifanyia mazoezi tangu Agosti, imemezwa. Wifi kainamisha kofia yake nyeupe.

Fuatino kanivuta pembeni, kauliza taratibu waya wa ngoma uko wapi. Kisha: "Mama, hilo sikio linasikia tu. Halisemi." Kumbe ndiyo yale maneno ya Jumanne, sufuria ilipokuwa inafurika.

Nimempelekea wifi samaki, nimekiri yote. Kasema, "Wifi, miaka thelathini nakufunika, wala hujafungua mdomo. Si ungeniambia nisogee?"

Samaki tumemla pamoja.

Jumatatu, 13 Oktoba
Penia kapiga simu. Nimewahi kuomba msamaha kabla hajanisalimu. Kasema, "Mama, nimekusikia."

Nikamwambia asinifariji, sauti yangu haimo. Akasema kila mstari kwaya inaanza vizuri, halafu inashuka, kwa kuchelewa kidogo. Nani mwingine kijijini huingia hivyo? Akajua kila panaposhuka ni mimi naimba. Kwenye hayo mashimo ameimba yeye, na Sefo kaimba sehemu ya mama yake. Wameurudia mara nne, wenzao wakaja kusimama mlangoni.

Nimelia mpaka lavalava niliyojifunga kiunoni imelowa. Nimekimbia kumwambia wifi, naye kalia.

Krismasi tunarekodi tena. Wifi kaahidi kusogea, Fuatino kaahidi kunipa maikrofoni ya kweli. Wana roho nzuri. Lakini jioni hii nimeifuta vumbi ile mashine, nikachungulia nyuma yake. Kuna tundu jingine, halina waya. Sijamuuliza Fuatino ni la nini.