Mikia ya Kiingereza Imekatwa

"Raiya wote wa Ntoto, mujulishwe! Kuanzia leo mikia ya verbe, yaani vitenzi vya Kiingereza, imekatwa." Ndivyo nilivyotangaza. Mimi mwenyewe, Directeur wa Service ya Barua za Kizungu, niliweka sahihi mara mbili na muhuri wa tampon mara tatu.

Sababu iko wazi. Wafadhili wanaandika look after, look for, look into. Mukubwa muzima ashinde anakimbizana na vineno vidogo vidogo? Look ni kuangalia, basi. Kile kinachofuata ni mukia.

Décision ilizaa matunda siku ile ile. Wafadhili walituma manjanja makumi ine, mabati ya kuezekea maternité ambamo wamama wanazalia, na barua imeandikwa put up. Nikakata up. Put ni kuweka. Nikayaweka, kwa utaratibu, ndani ya parcelle yangu, pale nyumbani.

Mama Annonciata, muzalishaji wetu, aliyejifunza Kiingereza akiwa mukimbizi Uganda, akafika amelowa chapachapa.

"Papa Directeur, put up njo kupandisha juu! Mvua iko nanyeshea wamama! Jana nimepokea mutoto chini ya mwavuli!"

"Pole sana, Mama. Lakini sheria ni sheria. Hayo manjanja tunayaangalia kila asubuhi."

"Ebu! Nitawaandikia wenye kuyatuma."

Barua ya Kiingereza bila tampon yangu? Nilicheka mpaka machozi.

Mwezi haukuisha, jibu likaja: Directeur step down, tena hand over kwa Mama Annonciata. Nikakata mikia na roho safi. Step ni hatua, maana yake napanda cheo! Hand ni mukono, basi Mama apewe mukono. Nikachinja mbuzi, nikaita kijiji, nikasimama juu ya meza na bouquet ya funguo zangu za kazi, nikamunyooshea mukono.

Akaushika ule mukono, akanivuta polepole mpaka chini, akazichukua funguo.

"Aksanti, Papa. Step down njo kushuka. Hand over njo kuachia."

Kugeuka, wamama wameshatwika manjanja kichwani, wanaimba. Hata mbuzi sikuonja.

Sasa maternité haivuji. Nilikasirika sana. Nikauliza mbele ya wote: ni mujinga gani alikata mikia ya barua yangu?

Kijiji kizima kikaniangalia tu. Look, bila mukia.