Plagi Tatu za Mama Mjane

Wengine huamshwa na saa ya mezani. Grisi aliamshwa na injini ya mtu mwingine ikikataa kuwaka. Nyee-nyee-nyee, starta ililia kule gatini, kisha kimya. Akatabasamu kabla hata hajafumbua macho.

Waliomwita Grisi walikuwa na sababu: ulimi wake haukuwahi kukwama popote. Ufundi wa injini alikuwa nao kidogo, wa kuombea chai tu; maneno alikuwa nayo ya kugawa. Alikuwa ndiyo kwanza amehamia mtaa huo wa gatini, na mali yake yote duniani ilikuwa pikipiki moja nyekundu. Ndoto yake nayo moja: boti. Avushe abiria huku ameketi, miwani usoni, watu wamwite nahodha.

Akaufuata ule mlio hadi gatini. Ndani ya boti iliyokataa kuwaka alimkuta mama mmoja mnene, kitambaa cheusi kichwani, akiifuta injini ndogo ya dizeli kama anayemfuta mtoto kamasi.

"Shikamoo mama. Pole."

"Marahaba, mwanangu. Marehemu mume wangu ndiye aliyeniachia hii. Asubuhi inaninunia, jua likipanda inacheka."

Grisi alijua papo hapo. Plagi za kupasha moto! Vile vijiti vya chuma vinavyopasha silinda kabla injini haijawaka. Ugonjwa wenyewe mafua tu. Lakini akainama, akaweka sikio kwenye injini, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyefiwa.

"Mama, nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Ukweli, baba."

"Moyo umeoza."

"Uwii! Kumbe injini nayo ina moyo?"

"Ilikuwa nao."

Mama akalia. Grisi naye akalia kidogo, kwa heshima. Kisha, kwa huruma zake, akajitolea kulichukua dubwasha hilo, boti na injini yake, amwondolee majonzi, na yeye amwachie pikipiki.

"Haitaninunia asubuhi?"

"Mama, hii ukiitazama tu inawaka."

"Haya, nimekubali. Ila nahamia kwa dada yangu, ng'ambo. Pikipiki nitaivushaje, na boti ndiyo hiyo maiti?"

Hapo Grisi akakuna kichwa. "Nitaifufua, mara moja tu. Nikushushe huko, halafu nirudi nayo nikaizike."

Akanunua plagi tatu mpya kwa fedha zake mwenyewe, jambo ambalo mwili wake haukulizoea. Akafungua waya, akadondoshea oili kwenye nyuzi za plagi kuukuu zilizoshika kutu, akazungusha spana taratibu plagi zisije zikakatikia ndani. Kila ya zamani aliigusisha kwenye betri: baridi kama pua ya mbwa. Kila mpya ikawaka ncha, nyekundu. Akazikaza kwanza kwa vidole, kisha kwa spana, kwa upole. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi safi namna ile. Lakini basi, alikuwa akijitengenezea mwenyewe. Aliona betri inang'aa, pampu mpya, mkanda mpya. Marehemu alijali, akawaza, na mawazo yakaishia hapo.

Akazungusha ufunguo nusu, taa ya njano ikawaka, akangoja izimike. Starta! Injini ikanguruma mara ya kwanza.

"Imefufuka!" mama akapiga vigelegele.

Pikipiki ikapandishwa kwa ubao, ikafungwa vizuri. Grisi akavaa miwani.

"Basi fungua kamba, nahodha," mama akasema.

Nahodha! Grisi akaruka gatini kwa madaha, akaifungua kamba, akaikunja kitaalamu, akaitupia ndani. Boti ikaondoka pole pole, bila yeye.

"Mama! Mimi bado!"

"Nimekuona, mwanangu! Ahsante kwa plagi!"

Mlango wa kibanda cha boti ukafunguka. Marehemu akatoka, akajinyoosha, akaikalia pikipiki.

Nyuma ya Grisi watu walikuwa wakicheka hadi kushikana mabega. Mchomeleaji mmoja wa pale gatini alifuta machozi kwa glovu.

"Ulimwambia moyo?"

"Umejuaje?"

"Mimi nilimwambia mapafu. Betri ile yangu. Pampu ya huyu, mkanda wa yule."

"Na hamkumshtaki?"

"Tukaseme nini? Kwamba ametuibia tukiwa tunamwibia?"

"Sasa mbona hamkunionya, ndugu zangu?"

Mchomeleaji akamsogezea ndoo iliyofudikizwa, akae.

"Tukuonye, halafu leo tumcheke nani?"