Farasi Hana Presha

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa! Nimeteuliwa. Mimi na Tangawizi tutaruka viunzi kwenye mashindano ya klabu za farasi mwezi ujao, hapahapa Morogoro, chini ya mlima. Mzee wa miaka sitini na moja! Nilimwambia Tangawizi kwanza, halafu mke wangu Winfrida. Tangawizi alifurahi zaidi.

Huu ni msimu wake wa mwisho. Dokta Sabra, daktari wa wanyama wa klabu, amesema mwaka ukiisha anapumzishwa. Miguu imechoka. Kwa karatasi ni farasi jike wa klabu, lakini nimemlea mimi tangu enzi nikitunza farasi wa meneja kule kwenye mashamba ya miwa. Klabu ilipomchukua yeye ilinichukua na mimi, pamoja na ndoo na brashi. Nataka astaafu akiwa na medali shingoni. Hilo tu. Sina tamaa nyingine, ukiondoa kumshinda Navin.

Navin ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, farasi mweusi na glavu nyeupe. Glavu! Kwa joto hili!

Jioni, semina ya Dokta Sabra kuhusu dawa zilizokatazwa michezoni. Nilisinzia mpaka alipofika kwenye kile kidonge cha presha kinachokojoza. Nikaamka. Kimo kwenye orodha! Eti kinafanya mkojo uwe mwepesi, na dawa nyingine mbaya zinaweza kujificha humo. Ndicho ninachokunywa kila asubuhi. Dokta akasema watu wasihofu, mgonjwa aende kwa daktari wake, waombe kibali cha tiba kabla Alhamisi haijaisha, basi, atapanda farasi kwa amani. Akauliza nani anatumia dawa yoyote. Nikatazama dari.

Nina sababu. Mwaka jana kwenye chai nilitangaza mbele ya klabu nzima kwamba presha ni ugonjwa wa watu wanaoshinda wamekaa dukani. Nilikuwa nikimtazama Navin.

Jumatano, 4 Juni

Nimemkamata! Navin, nyuma ya mabanda, shati juu, anajidunga sindano tumboni. Mchana kweupe! Nilikwenda kwa Dokta Sabra nusu nikikimbia. Nikamweleza kwa huzuni, huzuni niliyoitafuta njia nzima, kwamba mwenzetu amepotoka.

Dokta akasema hiyo ni insulini. Navin ana sukari, ana kibali siku nyingi, na aliwaonyesha wanachama wote kwenye semina ya mwaka jana. Nilikuwepo. Nadhani na ile nilisinzia.

Baya zaidi, Dokta alimwambia Navin kwamba mimi, Mzee Kasimiri, nina wasiwasi na afya yake. Navin akaja kunishika mikono yote miwili, macho yamelowa, akasema hajui amlipe nini mzee wake. Baadaye mkewe, Chandrika, akaleta bakuli la chevda, vile vitafunio vikavu vya Kihindi, ya kwake mwenyewe, yenye karanga nyingi. Tamu sana. Nimeimaliza yote kwa hasira.

Alhamisi, 5 Juni

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya maombi. Sikupeleka kitu. Nina mpango bora: naacha kidonge. Bila kidonge hakuna kosa, bila kosa hakuna kibali, bila kibali Navin hajui lolote. Nashangaa watu hawafikirii.

Jumamosi, 14 Juni

Nilipanda mlimani hadi Kinole kununua mchaichai na mdalasini. Muuzaji alisema unashusha presha. Pia unaotesha nywele, alisema, na kufukuza popo. Nimekunywa birika zima kila siku. Kichwa kinanigonga kama mtu anatwanga mahindi humo ndani. Leo mazoezini niliona Tangawizi wawili. Wote wazuri, lakini nilimpanda yule ambaye hayupo.

Majani yalikuwa laini. Sikuumia, ila jina.

Jumapili, 15 Juni

Nimepatikana. Winfrida alikuwa akishona suruali yangu ya kupandia farasi, ilichanika jana, akakuta mfukoni vidonge vyote nilivyojifanya nakunywa. Nilitegemea atafoka. Mke wangu ni fundi cherehani wa Mwembesongo, anajua kufoka. Badala yake alikaa tu na suruali mapajani, akaniuliza kama nataka yeye ndiye aje kuniokota uwanjani siku moja. Halafu akalia.

Nisingependa kuliona tena lile. Nimekubali kidonge. Kuanzia sasa anasimama mbele yangu na glasi ya maji kila asubuhi, kisha ananikagua mpaka chini ya ulimi. Maombi ya kibali yamekwisha fungwa. Yeye hilo halijui. Nimemwambia kila kitu kiko sawa.

Jumatatu, 23 Juni

Kidonge kimerudi na mambo yake. Nakwenda haja ndogo, narudi, nakwenda tena. Choo cha klabu kiko ng'ambo ya uwanja, na kukifikia lazima upite mbele ya benchi la Navin. Leo aliniuliza kwa upole kama tumbo liko salama. Upole wake huo!

Lakini nani mjanja? Banda la Tangawizi lina kona nzuri ya nyuma, kavu, yenye nyasi nyingi. Naingia na brashi kama naenda kumsugua, namaliza shughuli, natoka. Tangawizi anageuza uso ukutani mpaka nimalize. Wako binadamu hawana adabu hiyo.

Jumamosi, 5 Julai

USHINDI! Wa kwanza! Kiunzi cha mwisho nilifumba macho, yeye hakufumba. Navin wa pili. Alikuwa wa kwanza kunipongeza, akanichafulia raha kidogo.

Kisha wakaja watu wa vipimo kutoka Dar. Kwa wapandaji wakapiga kura, nikashika msalaba wa rozari mfukoni. Akatoka Navin! Nilicheka mpaka nikabanwa, ikabidi niende tena kwenye kona yetu.

Kwa farasi wakamtaka mshindi. Nikasema mpimeni mnavyotaka, huyu amekula nyasi na karoti tu maisha yake yote. Hakuwa tayari kukojoa, basi nikampigia mluzi kama nilivyomzoesha. Akajaza chombo mpaka juu. Nilijisikia fahari kama baba kwenye mahafali.

Ijumaa, 1 Agosti

Niandike tu.

Leo tuliitwa wote ofisini. Majibu yamerudi kutoka maabara ya ng'ambo. Navin safi. Tangawizi amekutwa na dawa ya presha. Dokta Sabra alitaja jina la kidonge. Kidonge changu! Mtu mmoja nyuma akasema jamani, farasi hana presha. Mwingine akasema basi kalishwa. Dokta akaeleza kwamba isipojulikana dawa imemfikiaje, Tangawizi anafungiwa mpaka Desemba. Yaani ndiyo basi. Anatoka kwenye michezo akiitwa mchafu, yeye ambaye hata sukari haombi.

Nikafikiri upesi, na fikra zangu za upesi ndizo hizo: Navin. Banda lake limepakana na letu. Alikuwa wa pili. Na wote wamemwona na sindano. Nikasimama, kidole nimeshakinyanyua.

Navin naye akasimama. Akaniomba radhi kwanza. Alisema mimi ni mkubwa wake na kwa hiari yake angenyamaza mpaka kaburini. Ila benchi lake linatazama mlango wa Tangawizi, na wiki nyingi ameniona nikiingia humo kila saa na brashi ileile kavu, nikitoka nafunga zipu. Kaka yake anakunywa kidonge hicho, hata mwendo wa kukimbilia choo anaujua. Na Tangawizi, kila mtu anajua, anakula nyasi anazolalia.

Akamalizia: "Nisamehe, mzee wangu. Huyu mama hana mdomo wa kujitetea."

Kidole changu bado kilikuwa juu. Nikajikunia sikio.

Dokta akaniuliza kama ni kweli. Dirishani niliona Tangawizi anatafuna, masikio yamesimama, ananisubiri nitoke. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari, mmoja wa panya. Nikasema kweli. Nikasema ni mimi, nina presha, farasi hana kosa lolote, mnifungie mimi. Halafu nikalia mbele ya klabu nzima, kamasi na yote.

Hakuna aliyecheka. Walisubiri kwanza nifike getini. Nawashukuru.

Jumatatu, 11 Agosti

Uamuzi umetoka. Ushindi umefutwa, medali imekwenda kwa Navin. Mimi nimepewa onyo kali. Lakini Tangawizi hakufungiwa! Wamekubali kwamba dawa ilitoka kwangu kupitia nyasi. Oktoba ataruka mara ya mwisho. Nilimkumbatia shingo mpaka akachoka akanisukuma.

Navin alikuja bandani na ile medali, akamvisha Tangawizi, akatupiga picha. Akasema anayejua kuruka ndiye avae. Nilitaka kumchukia lakini pua ilikuwa imeziba.

Kila mlango wa banda sasa una bango la kukataza kukojoa ndani. Mtu aliyechorwa ana kitambi kama changu.

Mchana Winfrida alinishika mkono hadi hospitali kuomba kibali. Daktari akashangaa, kibali cha nini? Ziko dawa nyingine za presha ambazo hazijakatazwa. Akaandika mpya papo hapo. Akasema ningekuja Juni angenibadilishia Juni. Njia nzima ya kurudi Winfrida alinitangulia.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa herufi kubwa: SIFICHI TENA KITU.

Jumapili, 31 Agosti

Kidonge kipya ni kizuri sana. Presha imeshuka. Kinavimbisha miguu tu. Daktari alinionya, akasema nikiona vifundo vimejaa niende siku hiyohiyo, kubadilisha ni jambo dogo.

Niende nikaonwe? Oktoba imekaribia! Dokta Sabra atasikia, Navin atasikia, Chandrika atapika. Nina mpango bora. Asubuhi, kabla vifundo havijaamka, nilivaa buti za kupandia farasi. Nikiwa nimezivaa, nani ataona mguu? Nilikwenda nazo kanisani. Nilikula nazo ugali. Winfrida akaniuliza kulikoni, nikamwambia ngozi inataka kuzoeshwa.

Sasa ameniambia nivue, nisije nikamchafulia mashuka. Nimejaribu kwa siri. Ya kushoto haitoki. Ya kulia nayo haitoki. Nimemjibu kwamba mabingwa wote hulala na buti zao, na kwamba kila kitu kiko sawa.