Chumba cha Kona na Kinu Kitupu

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Habari kubwa! Musyimi anahama. Fundi viatu wa chumba cha kona, yule anayepiga mluzi wa nyimbo za dini kuanzia alfajiri, anarudi kwao Mbooni kulima parachichi. Jumapili anatoka.

Na si chumba hivi hivi tu. Katika ploti hii nzima ya mji wa Wote, vyumba vingine vyote vinatazama ua, yaani kamba za nguo na kuku wa watu. Hicho peke yake kina mlango wa barabarani. Mke wangu Kanyiva ni fundi wa nguo. Ameshona miaka yote katika chumba chetu cha giza, cherehani imebanwa kati ya kitanda na jiko, na kila mteja akija kupimwa mimi natolewa nje na kiti changu. Akipata mlango wa barabarani, mji wote utaona kazi yake. Nami nitapata mahali pa kukaa kama baba wa nyumba. Nakitaka kile chumba kuliko ninavyotaka mvua, na mvua naitaka sana.

Musyimi ameniambia Mwaitu Kalondu, mama mwenye ploti, atatoa ufunguo Jumapili baada ya kanisa. Nikamuuliza atampa nani. Akasema amesikia kuna mtu tayari, hajui ni nani.

Mimi najua! Mchana nimemwona Gathua, seremala wa mlango wa tatu, ndani ya kile chumba na tepu mkononi, akipima ukuta. Mtu wa Murang'a, amekuja Ukambani juzi, tayari anapima kuta zetu!

Jioni Kanyiva ameingia akisema ana neno kuhusu chumba cha kona. Nimemwinulia mkono. Nimemwambia asinivuruge, mume wake yuko katika mipango. Akanitazama, akasema basi atanyamaza aone nitafika wapi. Mwanamke mwelewa sana.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku ya maji. Ingekuwa siku yangu.

Sheria ya bomba letu ni moja: mtungi wako ndiyo wewe. Unauweka kwenye mstari, unaenda shughuli zako, na hakuna anayeugusa. Watu wa ploti hii wanaweza kumsamehe mwizi wa kuku, lakini si mtu aliyesogeza mtungi. Na leo mstari ulifika hadi kwenye geti, maana jua limekausha kila kitu.

Mtungi wa Mwaitu nauona nyuma kabisa. Wa njano kama mingine yote, lakini una kitambaa chekundu kwenye mshikio. Nikafikiri: mama mzee, nyuma ya mstari, katika ploti yake mwenyewe! Akiukuta mbele atauliza ni nani mwenye roho nzuri hivi. Nami nitakohoa kidogo.

Nikauhamisha. Haraka, mtu asione. Nikakaa kwenye kivuli cha tangi kusubiri sifa.

Maji yakaja. Nani akauendea mtungi? Wamucii, mke wa Gathua, mtoto mgongoni! Asi! Kumbe ni wa kwao. Kumbe nusu ya mitungi ya ploti ina kitambaa chekundu. Kumbe Kanyiva anashona sare za kwaya na mabaki anayagawa kwa majirani bila kuniuliza!

Haikuishia hapo. Wamucii akadhani Mwaitu ndiye aliyemhurumia kwa sababu ya mtoto. Akajaza, akamwita Gathua, na Gathua akabeba ule mtungi mzima hadi kwa Mwaitu kusema asante. Mwaitu hakuelewa anashukuriwa nini, lakini maji aliyapokea. Akasema mbele ya watu wote kwamba kijana huyu amelelewa.

Ndipo mtu akauliza ni nani aliyesogeza mtungi. Nilikuwa wa kwanza kupiga kelele. Nikasema mtu kama huyo anafaa kufukuzwa. Nikasema sana, hadi Kanyiva akanivuta shati.

Jumatano, 15 Oktoba

Gathua amenisalimia vizuri asubuhi. Ananicheka ndani ya roho, najua. Mchana ameingia tena chumba cha kona na mbao begani. Mbao! Hata ufunguo hajapewa!

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata njia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimemwambia Kanyiva hivyo, naye akatazama upara wangu.

Ni hivi. Leo Mwaitu alikuwa mlangoni kwake akilalamika kuhusu muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Kwamba siku hizi mahindi yanakobolewa kwa mashine, meupe kama meno ya kununua, yakipikwa na maharagwe hayana ladha. Kwamba tangu aingie mji huu hajala muthokoi wa kutwangwa na mwanamume, kama marehemu mumewe alivyomtwangia alipojifungua.

Hapo hapo nikasimama. Nikamwambia Mwaitu asijali, kesho kutwa atakula muthokoi uliotwangwa kwa mikono hii. Akaitazama mikono hii. Akasema, "Sawa, Munyao. Mimi nitangoja."

Nimemwomba Kanyiva anitwangie. Amekataa. Ana sare za kwaya. Amesema niliyeahidi ni mimi na mikono ni yangu. Kisha akasema chumba kitakuja, nikae tu. Nikae tu! Wanawake hawajui ulimwengu ulivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nainama tangu Jumatatu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimejaribu kutwanga. Nataka iandikwe kwamba nimejaribu.

Kinu ni cha Mwaitu mwenyewe. Alikileta kutoka kwa mama yake, kijijini Kanyangi, mti mzito mweusi, na anakiazima kwa ploti nzima. Wiki hii kilikuwa kwa Wamucii. Nilikiomba bila kusema cha nini. Akanipa, akanionyesha namna ya kunyunyizia maji ili maganda yatoke vizuri. Mtu wa Murang'a ananifundisha muthokoi! Nikamwambia nimezaliwa ndani ya kinu.

Mchi ule una uzito wa mtu mzima. Baada ya muda mfupi mgongo ulikataa, mahindi yakawa nusu unga na nusu mahindi. Kuku wakala ushahidi.

Nikapumzika. Nikafikiri. Mwaitu anakaa upande wa pili wa ukuta. Hanioni. Ananisikia tu. Basi anachohitaji ni sauti!

Nikaenda sokoni nikanunua muthokoi wa mashine, mzuri, umepangika. Nikarudi nyuma ya ukuta, nikakaa kwenye ndoo, na kuanza kutwanga kinu kitupu. Du! Du! Du! Mchi unaruka wenyewe. Nikaongeza na pumzi za kuchoka. Nikaimba kidogo. Kanyiva alipita na maji ya kupigia pasi, akasimama. Akasema amewahi kusikia watu wanaotwanga maji kinuni, lakini mtu wa kutwanga upepo ndiye mimi wa kwanza.

Nilikuwa karibu kumaliza kiliposema KWA!

Kimepasuka. Kuanzia mdomoni hadi karibu na kitako. Kinu cha mama yake! Kumbe mahindi ndiyo yanayokilinda, na mimi nimepiga mti kwa mti mchana kutwa.

Nimekifuta. Nimekirudisha mlangoni kwa Wamucii, ufa ukitazama ukuta. Muthokoi nimempa Kanyiva aupike na maharagwe usiku huu. Kesho asubuhi utafika kwa Mwaitu, na mambo ya kinu Mungu anajua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku mbaya.

Asubuhi nimempelekea Mwaitu bakuli. Amepokea kwa mikono miwili. Ametafuna punje moja polepole. Nikadhani ni utamu.

Adhuhuri Gathua akaenda kwa Mwaitu amebeba kile kinu kifuani kama mgonjwa. Nilisikia yote kutoka dirishani. Alisema kimepasuka kikiwa mikononi mwa nyumba yake, anaomba msamaha, atakifunga kwa mkanda wa chuma na kuchonga kingine. Hakunitaja. Wamucii anajua vizuri nani aliazima, naye pia alinyamaza. Ningefurahi, lakini sikufurahi. Sijui kwa nini. Labda ni maharagwe.

Jioni Mwaitu akaja kwetu mwenyewe, na bakuli langu. Hakukaa. Alisema, "Munyao, mimi nimetwanga tangu nikiwa msichana. Kinu ikiwa na mahindi inaongea chini chini. Jana hiyo kinu ilikuwa inalia njaa. Na hii muthokoi haina hata ganda moja. Hii ni ya mashine." Akaweka bakuli mezani. Akamgeukia Kanyiva, akasema kwa sauti ya huzuni kwamba ule ufunguo waliokubaliana Jumatatu, kwa sasa ataukalia.

Walikubaliana Jumatatu!

Mwaitu alipotoka, Kanyiva aliniambia kwa kifupi. Jumatatu asubuhi, kabla sijamwona Gathua na tepu, yeye alienda kwa Mwaitu, akakaa, akanywa chai, akaomba. Akapewa. Akamwomba Gathua ampimie na kumtengenezea meza ya kukatia nguo. Zile mbao ni meza yake. Hilo ndilo neno alilotaka kuniambia, nikainua mkono.

Kisha akarudi kwenye cherehani, kati ya kitanda na jiko, akawasha tochi ya simu ili aone sindano. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nikatoa kiti changu nje bila kuambiwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Baada ya kanisa Musyimi alifunga mizigo yake, akapiga mluzi wa mwisho, akampa Mwaitu ufunguo. Ploti nzima ilikuwa uani. Mwaitu akautia mfukoni.

Nikasimama. Nilikusudia kusema nilikosa. Yaliyotoka ni kwamba kinu kile pengine kilikuwa na ugonjwa wa siku nyingi. Watu wakaguna. Kanyiva akafunika uso na leso.

Gathua ndiye aliyetuokoa. Alimwambia Mwaitu meza iko tayari na haiingii mlango mwingine wowote. Akasema chumba cha kona yeye hakitaki hata bure, pikipiki zingemwamsha mtoto wake Wangechi mchana kutwa. Akasema mama wa watu asilipie mikono ya mzee wake. Hakukitaka hata siku moja! Wiki nzima nimepigana na mtu aliyekuwa ananitengenezea samani.

Mwaitu alifikiri. Akacheka kidogo, asante Mungu. Akampa Kanyiva ufunguo, mkononi mwake, akisema chumba kimeandikwa kwa jina lake. Na mimi kila Jumamosi nitamtwangia Mwaitu muthokoi, kinu kimejaa, hadi atakaposema basi. Nikikosa Jumamosi moja, ufunguo unarudi. Nimeapa mbele ya watu. Kanyiva alinishika mkono tulipokuwa tukihamisha cherehani. Nimejifunza. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kanyiva anashona mlangoni, jua linamfikia hadi kwenye sindano. Wateja wanasimama barabarani. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu binti yetu aende bweni. Mungu ailinde nafasi hii.

Kesho ni Jumamosi ya kwanza. Mgongo wangu unaijua.

Lakini nimefikiri. Kosa langu lilikuwa nini? Si kudanganya. Kosa lilikuwa sauti! Mwaitu anatambua kinu kilichojaa. Basi apewe kinu kilichojaa.

Leo Gathua amemaliza kuchonga kinu kipya. Nimemwomba akijaribu na mahindi, tuone kama kina nguvu. Kijana mwema, akatwanga hadi jasho likamtoka, na simu yangu ilikuwa mfukoni ikirekodi kila kitu. Nimeazima spika ya kinyozi. Kesho itakaa nyuma ya ukuta, mimi nitakaa kando yake. Katikati Wangechi analia kidogo, na Gathua anamwita Wamucii kwa Kikikuyu, lakini hilo nani atagundua?

Muthokoi nimenunua ule wa mashine. Safari hii nimeurudishia maganda machache.

Kanyiva amesimamisha cherehani. Anasema ana neno kuhusu hiyo spika. Nimemwinulia mkono.