Pilipili na Pombe ya Siku Nne

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mama mukwe. Na bado si mukwe kamili! Jumamosi hii njo familia ya Zawadi inanijibu kama wananipa binti yao ao hapana. Mwezi uliopita, nikiwa nimeketi kwao Alunguli ndani ya shati ya kuazima, mama yake aliniuliza kama ninakunywaka. Nikajibu: "Mimi, mama? Pombe sikunywake hata tone!" (Mungu anisamehe.)

Basi leo saa sita mchana tumeenda na rafiki yangu Assani, mwendesha pikipiki, kula kwa malewa nyuma ya soko, kule wamama wanapika na watu wanakula papo hapo. Mama Kavira, wa kutoka Butembo, anauza samaki wa kuchoma na pombe ya ndizi anayotengeneza mwenyewe. Alianza wakati wa vita. Treni ilikuwa haifiki, bia hakuna, watu wakamushukuru sana. Mpaka leo hakuna anayemufikia.

Assani akaagiza bia ya chupa. Nikamucheka. Nikaanza kumufundisha (nani aliniuliza?): pombe ya ndizi ya leo iko tamu, inatuliza pilipili. Ya siku nyingi iko kali, hiyo ni ya kula na nyama. Watu wa meza ya pembeni wakageuka, wananisikiliza. Kichwa kikanivimba.

"Mama Kavira, leta ya leo!"

"Ya leo imeisha, baba. Iko ya siku nne."

"Leta tu!"

Mwalimu atarudije nyuma mbele ya wanafunzi? Nikachota kijiko kizima cha pilipili, nikapaka samaki, nikatafuna. Nikashushia na kikombe kizima.

Mama yangu weee! Ile pombe haikutuliza kitu. Iliiongezea pilipili nguvu! Machozi, kamasi, ulimi nje. Masikio yanalia. Assani anacheka tu: "Profesa, iko namna gani?"

Maji! Nikasimama, macho hayaoni vizuri, nikapapasa meza ya nyuma. Beseni! Iko na maji! Nikaikamata kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini. (Kwa malewa maji ya kunywa inakaa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Beseni njo ya kunawa mikono. Hata mutoto wa miaka mitatu anajua.) Ilikuwa na ladha ya sabuni, na kidogo ya kitunguu.

Nikafuta macho. Wamama watatu wananiangalia, mikono yao bado inachuruzika maji. Wa katikati ni mama yake Zawadi.

Nikafungua kinywa nimusalimie kwa heshima. Ikatoka mbweu. Ndefu. Yenye harufu ya ndizi.

Akaniangalia polepole, akasema kwa sauti ya kanisani: "Baba, ulituambia haukunywake. Leo umekunywa hata mikono yetu."

Malewa yote ikapasuka kwa kicheko. Mama Kavira alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nikatoka mbio, hata Assani sikumuaga.

Saa hii Zawadi amenitumia ujumbe: "Mama hajakasirika, amecheka mpaka amelala chini. Ila baba amesema kwa ule uongo utaongeza mbuzi moja juu ya mahari."

Basi naomba musicheke. Wanne wa kwanza kucheka hapa, kila mmoja analeta mguu mmoja wa hiyo mbuzi.