Mheshimiwa Bila Sauti

Jumatatu hiyo taifa lilitangaziwa rasmi kwamba televisheni yake haikosei tena. Waraka wa Wizara ya Habari ulieleza kuwa hitilafu zote zimefutwa, na neno "samahani" limefutwa pamoja nazo.

Aliyebanwa ni Bi Samahani. Watazamaji ndio waliompa jina hilo, maana tangu ahamishwe kutoka redioni kazi yake ilikuwa kukaa kati ya kipindi na kipindi akiomba radhi: picha imekwama, mgeni hajafika, mkanda umekatika. Aliomba radhi vizuri hata watu wakamsamehe kabla hajamaliza.

"Sasa picha ikikwama niseme nini, bosi?" alimuuliza Mkurugenzi.

"Sema ni kipindi. Ukiteleza ukaomba radhi, kesho usije."

Bi Samahani ana mama mgonjwa wa kutunza, akafyata ulimi. Picha ilipokwama, akatangaza: "Mnatazama Sanaa ya Utulivu." Ilipopotea kabisa: "Karibuni kwenye Mapumziko ya Macho." Mama yake akampigia simu.

"Mwanangu, hicho cha macho kizuri, ila kifupi."

Kisha Waziri mwenyewe, mwenye waraka wake, akaja kulihutubia taifa. Alipofungua kinywa tu, sauti ikakatika. Saa nzima alinyoosha vidole na kutokwa jasho, kisisikike hata kikohozi. Mkurugenzi akashika kichwa. Bi Samahani akaikazia kamera macho.

"Mlikuwa na Mheshimiwa Waziri, katika kipindi chetu kipya, Bila Sauti."

Simu za kituo hazikupumzika. Watu walitaka marudio. Mzee mmoja alisema leo ndiyo mara ya kwanza amemwelewa Waziri.

Waziri akaja juu. "Huyu mama aombe radhi sasa hivi."

"Ningependa sana, mheshimiwa," akasema Bi Samahani kwa adabu. "Lakini kuomba radhi ni kukiri kosa, na makosa ulishayafuta."

Mkurugenzi akausoma waraka, akaiona sahihi ya Waziri mwenyewe, akanywea. Kukirudishia kipindi sauti kungemaanisha mwanzoni kulikuwa na hitilafu. Kwa hiyo kila Alhamisi Waziri huketi mbele ya taa, hotuba mkononi, akichezesha midomo, na nchi nzima inatulia kumtazama.

Juzi alimvizia Bi Samahani kwenye korido.

"Dada yangu, hata salamu tu zisikike."

"Hilo limenizidi cheo, mheshimiwa," akamjibu kwa upole. "Peleka ombi Wizarani. Watakujibu."