Kiti cha Katikati

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimekwenda matembezi ya asubuhi, nimesoma bango. Limebandikwa kwenye ukuta wa ukumbi mpya wa Mchikichini, ule uliokuwa ghala la viatu. Wiki ya Mihadhara na Utamaduni. Jumatano ngoma. Ijumaa picha za kale. Jumamosi, saa tatu asubuhi, mhadhara: "Ilala Tuliyoikuta". Chini yake, kwa maandishi madogo: Mgeni rasmi, atatangazwa.

Atatangazwa! Maana yake hawana mtu. Nimesoma mara tatu ili kuhakikisha.

Niwe mkweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Theopista, mke wangu, amesema hata akilipwa hasomi. Nimefundisha miaka thelathini na minane. Kila mwaka nimepanga viti vya mahafali kwa mikono yangu, na sijawahi kukaa meza kuu hata mara moja. Siku ya kuagwa kwangu mshereheshaji alisoma majina ya wastaafu watano. Tulikuwa sita. La kwangu lilikuwa nyuma ya karatasi. Sasa nina miaka sabini na mmoja. Nataka kukaa kiti cha katikati, mbele yangu chupa ya maji na maua ya plastiki, jina langu Elisaria lisomwe kwa kipaza sauti. Mara moja tu. Sidhani kwamba hiyo ni tamaa.

(Ni tamaa.)

Nimekwenda kumwona mratibu, Stella, ambaye nilimfundisha darasa la sita. Amenipa shikamoo kamili. Sikujiombea nafasi; mtu mwenye adabu hajiombei. Nimemuuliza tu kama mgeni rasmi anapaswa kuwa mtu mzima, mwenye mvi, mkazi wa Ilala tangu mwaka 1978, na ikiwezekana mwalimu. Stella amesema watalizingatia.

Natoka, nakutana mlangoni na Mzee Twaha anaingia. Karani mstaafu wa bandari, jirani yangu wa ukuta mmoja. Yeye amezaliwa Ilala, baba yake amezaliwa Ilala, na hakuna siku inayopita bila kukukumbusha. Amevaa kanzu ya Idi. Jumatatu! Nimemuuliza amefuata nini. Amesema anapita tu. Nimemwambia mimi pia nilikuwa napita tu. Tumetazamana kwa heshima kubwa.

Jumanne, 2 Septemba

Leo mavazi. Mtu hachaguliwi akiwa na sweta.

Nimekwenda sokoni Mchikichini, kwenye banda la Mudi, muuza makoti ya mitumba. Ameniletea koti zito la bluu, vifungo vya dhahabu safu mbili, kamba ya dhahabu begani. "Mzee wangu, hili lilikuwa la balozi," amesema. "Umetokelezea! Ukitembea nalo watu watakupisha wenyewe." Nimemwambia balozi havai kamba begani. Amesema mabalozi wa zamani walivaa. Nimefikiri juu ya mabalozi wa zamani. Nimelinunua.

Theopista ana duka la vitenge Kariakoo kwa mwaka wa thelathini sasa, na ana maoni juu ya kila kitambaa duniani. Amelizunguka koti mara mbili. Ameuliza nimejiunga na bendi gani.

Jumatano, 3 Septemba

Siku mbaya. Naandika taratibu ili hasira ipungue.

Ngoma ilipangwa kuanza saa kumi alasiri. Nimefika saa tisa na nusu, kama nilivyofika kazini maisha yangu yote. Nimesimama mlangoni, mgongo wima, ili Stella anione na koti. Amekuja mama mmoja na gari. Amenipa funguo. "Anko, niangalizie lile jeupe, watoto wasichezee vioo." Nimebaki na funguo. Wa pili amenipa mwavuli. Wa tatu ameuliza choo kiko wapi, na kwa kuwa najua kilipo, nimemwonesha. Hilo lilikuwa kosa. Hadi saa kumi na moja nilikuwa nimewaonesha choo watu wasiopungua arobaini, na wengine nimewasindikiza.

Nimepekua mfuko wa ndani wa koti. Kuna kitambaa kimeshonwa, jina la hoteli, ya nchi sijui gani. Ni koti la bawabu. Balozi wa mlango!

Lakini sikiliza, ewe daftari. Saa kumi na dakika arobaini amefika Twaha. Amechelewa, wala hana haraka, anatembea kama anayekagua shamba lake. Mshereheshaji amesimamisha ngoma. Amesimamisha ngoma! Amesema, "Jamani, tumsimamie mzee wetu." Ukumbi umesimama. Kijana wa mstari wa mbele amempisha kiti.

Na mlango nilimfungulia mimi. Alinishukuru bila kunitazama usoni.

Nimekaa kitandani kulitafakari jambo hili. Anayewahi hupewa mwavuli ashike, na anayekuja mwisho husimamiwa na ukumbi mzima. Miaka thelathini na minane nimewachapa watoto kwa sababu ya kuchelewa. Kumbe nilikuwa nawachapa viongozi.

Alhamisi, 4 Septemba

Stella amekuja nyumbani. Ana haja mbili.

Ya kwanza ni kwa Theopista: anaomba vitenge vya kufunika meza kuu Jumamosi. Theopista amekubali, kwa sharti kwamba atakwenda navyo mwenyewe na kukaa navyo mwenyewe, maana doa la soda halitoki, na vijana wa siku hizi hawana breki mikononi.

Ya pili ni kwangu. Amesema mimi na Mzee Twaha sote tumeonesha nia, naye hataki kumvunjia mtu heshima. "Mwalimu, atakayekuwa ukumbini saa tatu ndiye nitakayemkalisha. Na Mzee Twaha nimemwambia hivyo hivyo. Wewe uwahi tu."

Maneno yako wazi kabisa. Ndiyo sababu siyaamini. Hayo ni maneno ya adabu, kama mtu anapokukaribisha chakula huku anafunika sufuria. Ni nani amewahi kumwona mgeni rasmi akifika saa iliyoandikwa? Nikiwahi, atanikabidhi viti nipange, nami kwa mazoea nitapanga. La. Nitaingia baada ya Twaha. Dakika moja baada yake yatosha.

Theopista amesema niende saa tatu. Nimemwambia haya ni mambo ya itifaki. Amesema, "Haya, Baba Vicky," kwa ile sauti.

Jumamosi, 6 Septemba

Theopista ameondoka saa mbili na furushi lake. Mimi nimeondoka saa tatu kasorobo, nimevaa sweta. Ng'ambo ya ukumbi kuna mgahawa wa Nasreen. Nimekaa dirishani, nimeagiza chai ya rangi.

Saa tatu kamili. Twaha haonekani.

Saa tatu na robo nimemwona. Yupo kwa kinyozi, mlango wa pili! Amefungwa shuka shingoni, anatazama ukumbi kupitia kioo. Twaha ana upara tangu mwaka 1990.

Tumetoka nje kusalimiana, kwa kuwa haikuwezekana tena kujifanya hatujaonana.

"Mwalimu! Mbona huingii? Watu wanakungoja."

"Nakungoja wewe, mzee wangu. Nitakutanguliaje wewe mwenyeji?"

"Kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji, nasema mgeni tangulia."

"Umenizidi umri, Mzee Twaha."

"Miezi mitatu, Mwalimu! Miezi mitatu nayo ni umri?"

Tumekwenda pamoja hadi mlangoni. Nimesimama. Amesimama. Nimempisha hatua moja, naye amenipisha hatua moja. Tumepishana kinyumenyume, kwa heshima, hadi tumejikuta tena kwa Nasreen. Mara ya pili tumefanya hivyo hivyo. Nasreen amepiga kelele kutoka jikoni, "Wazee wangu, mnakunywa chai au mnalinda mtaa?" Tumeagiza chapati.

Saa nne kasorobo tumesikia makofi mazito kutoka ukumbini, na vigelegele. Twaha amesema huenda ni ngoma. Nimemkumbusha kwamba ngoma ilikuwa Jumatano. Tumekubaliana kwamba wanajaribu vipaza sauti. Kwa hiyo hawajaanza. Tumefurahi wote wawili.

Saa sita watu wametoka na sahani za pilau.

Stella amekuja mbio. "Mwalimu, ulikuwa wapi? Tumekusimamia ukumbi mzima!"

Nimeshindwa kuelewa. Amenieleza, nami nayaandika kama alivyosema. Saa tatu meza kuu ilikuwa tupu. Alikuwepo Theopista peke yake, kwenye kiti cha katikati, ameshika ncha za kitenge chake asije mtu akakimwagia soda. Mshereheshaji ameona mama mtu mzima, amekaa katikati, hatabasamu. Ametangaza kwamba mgeni rasmi ameshafika na itifaki imezingatiwa. Theopista amesema yeye si mgeni rasmi, yeye ni mwenye kitambaa. Watu wamecheka, wamempa kipaza sauti.

Amezungumza nusu saa. Amewaeleza Ilala tuliyoikuta: chumba kimoja, taa moja ya chemli, na mume aliyerudi kazini jioni amechoka, akawasha taa hiyo uani, akawafundisha kusoma wanawake tisa wa nyumba ile. Miaka minne, bila kuombwa na mtu. Wa kumi alikuwa yeye Theopista. Wa tatu alikuwa bibi yake Stella.

Kisha amesema, "Mwalimu Elisaria, simama wakuone."

Ukumbi umegeuka kutafuta. Mtu amesema huenda yupo mlangoni. Basi wote wamesimama, wakapiga makofi wakiutazama mlango.

Mimi nilikuwa nachovya chapati.

Twaha amecheka hadi akakohoa. Kisha ameacha. Amenishika bega, amesema, "Pole, Mwalimu." Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nyumbani nimemuuliza Theopista kama jina langu lilisikika sawasawa. Amesema lilisikika hadi barabarani. Nimemwambia najua. Nimefua vitenge vyote bila kuambiwa.

Jumanne, 9 Septemba

Stella amekuja tena, mikono yake ikiwa na kadi. Kadi! Imechapwa, ina maua pembeni. Jumamosi hii, ukumbi ule ule, saa tatu asubuhi: "Taa ya Uani: Mazungumzo na Mwalimu Elisaria". Msemaji ni mimi. Kiti cha katikati ni changu. Wale wanawake watatu walio hai wataletwa, mmoja anatoka Tanga. Stella amenishika mkono kama mtoto. "Mwalimu, saa tatu. Bibi yangu hawezi kukaa muda mrefu, mgongo unamsumbua. Nakuomba."

Nimeahidi. Nimeahidi mbele ya Theopista, nimesimama wima. Nimesema jambo la juzi limenifunza. Machozi yalinilenga, nikasema ni vitunguu.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa kwa Nasreen, dirishani.

Nimeamka saa kumi alfajiri, nimefika hapa saa mbili na nusu. Nilitaka kuingia moja kwa moja, Mungu ni shahidi. Lakini nimechungulia: watu watatu! Msemaji mkuu hawezi kuingia kwa watu watatu. Nimesema nisubiri wafike ishirini. Walipofika ishirini, nimeona hamsini ni heshima zaidi.

Jambo la juzi limenifunza hasa. Kosa langu lilikuwa moja: nilichelewa kabla jina langu halijachapwa. Leo jina lipo kwenye kadi, na mtu aliyechapwa husubiriwa.

Twaha amepita saa tatu kamili, kanzu nyeupe, anakwenda haraka. Amenipungia mkono kwa nguvu: "Ingia, Mwalimu! Ingia!" Ameingia bila hata kutazama nyuma. Nimemhurumia. Amekata tamaa na ukubwa.

Simu imeita. Stella mara mbili, Theopista mara tano. Sijapokea. Nasreen ameniuliza kwa upole, "Mwalimu, si wewe huyo aliyeandikwa pale nje?" Nimemwomba chai nyingine.

Saa tatu na dakika ishirini na tano. Stella ametoka mwenyewe barazani, amemshika mkono bibi kizee. Wote wawili wanatazama barabara, kushoto, kisha kulia. Sasa wanatazama huku.

Nimeinua gazeti. Bado mapema.